Nyaya za Nyumba ya Yamumbi

Sehemu ya sita

Kwa aliyepitwa, mambo yalikuwa yamefika hapa. Nanzala, mshonaji wa sare za shule pale Langas, na mumewe Mulongo, dereva wa lori la maziwa, walikuwa wamepata nyumba ya kununua Yamumbi. Nyumba ya mawe, ya zamani, mali ya mwalimu mstaafu aitwaye Mzee Jackson Kipkorir. Vyumba vitatu, jiko, na ua wa kutosha kuweka kibanda cha cherehani. Bei yake ilikuwa nzuri. Nzuri mno, kwa maoni ya Nanzala.

Alikuwa na sharti moja tu: nyaya za stima zikaguliwe kwanza. Miaka mitano iliyopita chumba walichopanga Langas kilishika moto saa nane mchana. Binti yao Ashley, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa amelala humo na homa. Alitolewa nje, mkono wa kushoto ukiwa umeungua kutoka kiwiko hadi vidole. Watu wote walisema ni nyaya mbovu za mwenye ploti, yule aliyewapangisha. Tangu siku hiyo Nanzala hakuingia nyumba ya mtu bila kutazama soketi kabla ya kutazama kiti.

Basi Mulongo akamleta fundi Kituyi, mtu wa kwao. Kituyi akakagua nyumba nzima ya Mzee Jackson na kusema iko sawa. Alikagua kwa dakika kumi na mbili. Nanzala alikuwa ameangalia saa.

“Na dari?” aliuliza siku hiyo ya Jumamosi, wakiwa bado wamesimama sebuleni. “Umepanda saa ngapi?”

Kituyi alikuwa anarudisha bisibisi mfukoni. “Mama Ashley, dari ya nini? Hizi swichi ni mpya. Soketi ni mpya. Nani atabadilisha soketi aache waya?”

“Mimi ndiye nakuuliza.”

Kituyi hakumjibu yeye. Alimtazama Mulongo kwanza, kitambo kidogo tu, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwa jirani. Kisha akasema, “Nilichungulia. Iko poa.”

Nanzala akamtazama viatu, akapandisha macho hadi mabega. Hakuwa na hata punje ya vumbi. Dari ambayo haijapandwa miaka hamsini, na fundi anashuka akiwa msafi kama anaenda harusini.

“Sasa unamuuliza fundi kama askari,” Mulongo akasema. “Nyumba ni nzuri. Mtoto ameshachagua chumba. Unataka nini kingine?”

Alisema hayo akiangalia dirishani.

Tangu Jumamosi hiyo Nanzala alianza kumwangalia mumewe kama anavyoangalia kitambaa ambacho mwenye duka anakisifu sana.

Jumapili aligundua kwamba Mulongo anatoka nje kupokea simu. Jumatatu alimwuliza kama wameshaandikiana chochote na Mzee Jackson. “Bado,” Mulongo akasema, “tunangoja wewe uridhike.” Alilisema haraka mno. Jumanne jioni simu yake ikaita akiwa anaoga, na jina likajionyesha kwenye kioo: Kituyi Stima. Fundi aliyeshamaliza kazi alikuwa anatafuta nini tena?

Nanzala akaiacha ikaita mpaka ikachoka.

Jumatano Mulongo aliondoka alfajiri kwenda mji mdogo wa Ziwa kuchukua maziwa. Nanzala akafunga kibanda, akampigia mwanamke mmoja aitwaye Tabby. Tabby alikuwa fundi wa stima mwenye leseni. Ndiye aliyevuta nyaya za shule ambayo Nanzala huishonea sweta, na mwalimu mkuu alimsifu kwa jambo moja: huwa hakubali kazi ambayo hajaona mwanzo na mwisho wake.

Mzee Jackson mwenyewe ndiye aliyewafungulia lango. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti hata jua likiwaka.

“Mzee, samahani,” Nanzala akasema. “Nimekuja na fundi mwingine. Anataka kuona dari.”

Alitegemea mzee akasirike, au aseme ngazi hakuna. Mzee Jackson akaenda nyuma, akaja na ngazi, akaiegemeza ukutani na kuishika kwa mikono miwili.

“Panda, mama,” akamwambia Tabby. “Angalia vizuri. Usiharakishe.”

Hilo nalo likamtia Nanzala wasiwasi. Mtu anayeficha kitu hushika ngazi? Ama ameishika ili awe wa kwanza kujua tumeona nini?

Tabby aliwasha taa ya kichwani, akapotea katika tundu la dari. Wakasikia mbao zikilia, kutoka sebuleni kwenda jikoni, kutoka jikoni kwenda vyumbani. Nusu saa ikapita. Vumbi likaanguka kwenye kofia ya Mzee Jackson naye hakulipangusa.

Mkono ukatokea kwenye tundu, umeshika kipande cha waya.

“Mama Ashley, shika hii. Bana kidogo na kidole.”

Nanzala akabana. Ganda la waya likapukutika kiganjani kama majani ya chai, shaba ikabaki uchi.

“Hiyo ni ya raba,” Tabby akasema, akishuka amejaa utando wa buibui kichwani. “Waya za kitambo sana. Raba ikizeeka inakuwa hivyo. Huko juu ziko hivyo zote, na panya wamesaidia. Earth, ile waya ya kuzuia mtu kupigwa na stima, hakuna hata moja. Hizo soketi mpya mnazoona zimefungwa tu juu ya uozo.”

“Zote?”

“Zote. Na kuna kitu kingine.” Tabby akapangusa uso kwa kitambaa. “Juu ya chumba cha nyuma, boriti imeungua. Si jana, si juzi. Lakini imeungua, na mtu akaweka ubao mpya kando yake akafunika.”

Chumba cha nyuma. Hicho ndicho Ashley alichokuwa amechagua. Alikuwa ameshaamua na rangi.

“Nikitengeneza kidogo kidogo?” Nanzala aliuliza, maana roho ya mtu anayetaka nyumba haikati tamaa upesi. “Chumba cha mtoto kwanza, halafu vingine?”

“Wewe ni fundi wa nguo,” Tabby akasema. “Ukishona kitambaa kipya kwa kile kimeoza, itapasukia wapi?”

“Kwenye mshono.”

“Basi. Stima ni hivyo hivyo, ila hii haipasuki, inawaka. Hii nyumba ni kuvuta upya, kutoka kwa mita mpaka balbu ya mwisho. Siku nane, tisa. Ama uachane nayo, utafute ingine.”

Nanzala akamgeukia Mzee Jackson. Sauti ilimtoka kabla hajaipanga.

“Mzee, wewe ni mwalimu! Umefundisha watoto wa watu! Unaweka soketi za kung’aa juu ya hii takataka, ndio mtoto wangu aungue mara ya pili?”

Mzee hakurudi nyuma wala hakupandisha sauti.

“Soketi alizifunga mpangaji wangu wa mwisho,” akasema. “Alitaka nyumba ionekane mpya. Lakini mama, kwani bwana yako hakukuambia?”

“Kuniambia nini?”

Mzee Jackson aliachilia ngazi, akaingia chumbani. Alirudi na bahasha ya kaki, akatoa karatasi mbili zilizopigwa chapa, akaweka kidole chini ya aya ya mwisho. Hiyo ilikuwa imeongezwa kwa kalamu, kwa mwandiko mnyoofu wa ubaoni.

Nanzala akasoma. Mnunuzi ameambiwa kwamba nyaya ni zile zile za tangu nyumba ijengwe mwaka wa 1964. Ameambiwa kwamba boriti ya chumba cha nyuma iliwahi kuungua. Ameshauriwa kwamba nyumba isilaliwe na mtu kabla nyaya mpya hazijavutwa, na bei imepunguzwa kwa sababu hiyo.

Chini yake kulikuwa na sahihi mbili na shahidi mmoja. Sahihi ya kwanza ilikuwa ya Mzee Jackson. Ya pili ilikuwa ya Mulongo. Shahidi alikuwa Kituyi.

Tarehe ilionyesha siku tano kabla ya Kituyi kuja kukagua nyumba.

“Malipo ya kwanza nilipokea siku hiyo hiyo,” mzee akasema taratibu. “Alisema umeshakubali. Alisema wewe ndiye umemtuma.”

Nanzala alitafuta kiti, hakukiona, akakaa kwenye ngazi.

Tunaweza kumwelewa mtu aliyedanganywa na mgeni. Lakini asubuhi hiyo yote yule mwanamke alikuwa ameweka macho kwa mzee huyu, akihesabu kila neno lake, kumbe mwongo analala upande wa pili wa kitanda chake.

*

Kituo cha maziwa kilikuwa nje kidogo ya mji. Alimkuta Mulongo nyuma ya lori, buti miguuni, akisuuza mikebe kwa mpira wa maji. Wenzake walikuwa wameenda kula.

“Ni mwanamke?” Nanzala akamwuliza.

Mulongo akageuka. “Mwanamke gani?”

“Huyo unayemnunulia nyumba. Maana si mimi. Mimi siwezi kununuliwa nyumba ambayo mtu ameandikiwa kwa kalamu kwamba isilaliwe.”

Mulongo hakuuliza amejuaje.

“Hakuna mwanamke, Mama Ashley.”

“Kituyi ulimpa nini aseme uongo?”

“Nilimwomba tu.”

“Ulimwomba aniue?”

“Usiseme hivyo.”

“Niseme vipi? Nifundishe!”

Mulongo aliweka mpira wa maji ndani ya mkebe, ukaanza kujaa. “Ile bei hatungeipata tena popote. Fundi angekuambia ni kuvuta nyumba nzima, ungekataa nyumba. Nakujua. Nikasema acha tuingie kwanza. Halafu ningebadilisha mwenyewe, pole pole, ukiwa kazini. Chumba kimoja kimoja.”

“Ungebadilisha nini?”

“Nyaya.”

Nanzala nusura acheke. “Wewe? Wewe ni fundi wa stima tangu lini?”

Aliuliza kwa hasira tu. Hakuwa anatafuta jibu. Lakini Mulongo alibaki akiyatazama maji. Mkebe ukajaa. Maji yakamwagika juu ya buti zake naye hakusogea.

“Tangu Langas,” akasema.

“Langas kufanya nini?”

“Ile soketi ya nyuma ya kitanda.”

“Ile ya Nderitu?”

Nderitu ndiye aliyekuwa mwenye ploti.

“Si Nderitu aliyeiweka,” Mulongo akasema. “Ni mimi.”

Kuna maneno ambayo masikio huyapokea na kichwa kikakataa kuyafungulia.

“Ulikuwa umenunua cherehani ya pili,” Mulongo akaendelea, akiongea na mkebe. “Nderitu alitukataza kuongeza soketi. Alisema stima ya ploti haitoshi. Jumapili ukiwa kanisani nikaunganisha na ile waya ya taa. Tepu sikuwa nayo, nikafunga na karatasi ya nailoni. Nilitaka urudi upate imeshafungwa, ufurahi. Na ulifurahi. Nikakwambia Nderitu amekubali.”

“Jumanne yake ndio moto.”

“Jumanne yake.”

“Baba Ashley.” Nanzala akaegemea lori. “Nilimsimamisha mzee Nderitu mbele ya chifu.”

“Najua.”

“Alisema, hiyo soketi mimi siijui. Watu wakamzomea. Mimi ndiye niliyeanza kumwita mwongo. Wewe ulikuwa umekaa karibu yangu.”

“Najua.”

“Wapangaji walihama wote. Aliuza ile ploti. Alilipa hospitali ya mtoto wangu mpaka siku ya mwisho, nami nikamwambia hata hiyo haitoshi!”

Mulongo alikuwa analia sasa, dereva mzima, bila kujifunika. “Kila fundi akianza kueleza vile waya inashika moto, naona kama ananitaja. Sikutaka fundi yeyote apande pale juu na aanze kukueleza. Hiyo tu ndiyo ilikuwa shida yangu.”

Nanzala akafunga bomba. Akaondoka kwa miguu, wala hakuona aibu kwamba vijana wa kituo walikuwa wameanza kurudi na wakamwona.

*

Siku mbili hawakusemezana zaidi ya chakula na funguo. Ashley akauliza mara moja kama kuna mtu amekufa nyumbani kwa akina babu, akaambiwa hapana.

Ijumaa Nanzala aliamua mambo mawili, na hakumwomba mtu ruhusa.

La kwanza lilikuwa la nyumba. Aliipenda bado, na hilo lilimshangaza. Alikaa kibandani akafikiri kwamba kuta hazikuwa zimemdanganya, wala mwenye kuta. Mtu pekee aliyesema ukweli katika jambo hili lote alikuwa Mzee Jackson. Akampigia Tabby.

“Tunavuta upya,” akasema. “Yote. Mzee amekubali uanze hata kabla nyumba haijaandikishwa kwa jina letu. Sitaki kipande hata kimoja cha zamani kibaki, hata kile unachoona ni kizima.”

“Na bwana yako? Alipata namba yangu kwa Mzee Jackson, akanipigia jana akasema kazi ikianza anaweza kunisaidia, gharama ishuke.”

“Akikanyaga ngazi yako, shuka na unipigie.”

La pili lilikuwa zito zaidi. Jumamosi asubuhi alivaa nguo zake za kanisa, akasimama mlangoni, akamwambia Mulongo neno moja: “Twende.” Mulongo hakuuliza wapi.

Nderitu siku hizi alikuwa anauza makaa kwa debe, upande wa chini wa Langas. Walimkuta ameketi juu ya gunia, nywele zimekuwa nyeupe, vidole vyeusi. Aliwaona wakija tangu mbali. Hakusimama.

“Mzee,” Nanzala akasema. “Tumekuja na neno. Lakini atakayelisema ni yeye.”

Mulongo akalisema. Alisema lote, la Jumapili, la nailoni, la kukaa kimya mbele ya chifu. Mteja mmoja alikuja akitaka debe moja, Nderitu akamwashiria kwa mkono angoje, na yule mteja akangoja huku akisikia kila kitu.

Mulongo alipomaliza, Nderitu aliinama, akaokota kipande cha kaa, akakitupa guniani.

“Mkono wa mtoto ulipona?” akauliza.

“Ulipona,” Nanzala akasema. “Vidole viwili havikunjiki.”

“Na yeye anajua?”

Wakatazamana. Nanzala hakuwa amefikiria hilo. Katika siku hizo mbili za kununa na kulia, alikuwa amejihesabia maumivu yake tu.

“Hajui, mzee,” Mulongo akasema.

“Basi mmeanzia pabaya.” Nderitu akasimama hatimaye, akachukua debe lake. “Mimi nimengoja miaka mitano. Naweza kungoja hadi jioni. Mwambieni yeye kwanza, maana mkono ni wake. Akishajua, mrudi hapa, mje naye. Hapo ndipo nitawaambia ninachotaka kwenu.”

Akamgeukia mteja. “Ulisema debe moja?”

*

Walimkuta Ashley jikoni, akikata sukuma wiki, mkono wa kushoto umebana majani kwa namna yake aliyoizoea. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, mrefu kumpita mama yake kwa kidole.

“Mmetoka wapi na nguo za kanisa Jumamosi?” akauliza. “Na ile nyumba? Tunahama lini?”

Mulongo akavuta kiti akakaa. Nanzala akabaki amesimama mlangoni, kwa sababu alikuwa amejiapia kwamba hatamsaidia hata kwa neno moja.

“Ashley,” Mulongo akasema, “weka hicho kisu chini kwanza.”

Msichana akakiweka. Hakumtazama baba yake. Alimtazama mama, kwa muda, kama anayepima kitu.

“Ni ile soketi?” Ashley akauliza.

Mulongo alikuwa ameinua mkono nusu, kama mtu anayetaka kusimamisha gari.

“Soketi gani?” Nanzala akauliza.

“Ya Langas. Mama, pole.” Machozi yalikuwa yanamtiririka sasa. “Mimi ndiye nilishika tochi. Sikuwa nimeenda kanisa siku hiyo. Baba aliniambia nimulike vizuri, na mimi nikachoka nikaangalia kando, naye akasema haijakaa sawa lakini itashika. Nimejua siku zote ni mimi. Nilitaka kukuambia. Baba alisema nisiseme.”

Nanzala akavuka jikoni, akamshika binti yake mabegani kwa mikono yote miwili. Lakini macho yake yalikuwa kwa mwanamume aliyekaa kwenye kiti.

“Ni lini alikuambia usiniambie, Ashley?” akauliza. “Fikiria vizuri. Alikuambia kabla ya moto, kama siri ya kunifurahisha, ama ni ukiwa hospitali, mkono umefungwa bendeji?”